Mbuzi Hafyeki Peke Yake

Tarehe 30 Oktoba 2019, moto wa nyika ulilipuka katika vilima vya Simi Valley, jimbo la California, ukisukumwa na upepo mkali kuelekea maktaba na makumbusho ya Ronald Reagan, rais wa 40 wa Marekani. Majengo yale yalinusurika. Wazima moto walifanya kazi kubwa, lakini walikuta sehemu ya kazi imekwisha kufanywa: mwezi Mei mwaka huohuo mamia ya mbuzi walikuwa wamekodiwa kula vichaka na majani makavu katika ekari zipatazo 13 kuzunguka eneo hilo. Moto ulipofika kwenye ukanda ule ulikosa cha kuunguza, kasi yake ikapungua, na wazima moto wakapata nafasi ya kusimama na kuukabili.

Miaka 13 kabla ya hapo, mbuzi wa namna nyingine alikuwa amefikishwa mbele ya majaji jijini Nairobi. Mwaka 2006 wakazi wa Marigat, kaunti ya Baringo, wengi wao Wailchamus, waliishtaki serikali ya Kenya kwa sababu ya mathenge, mti wa miiba ulioletwa kwao mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa na kutoa kuni. Mti huo ulikwisha kuvamia malisho na njia za maji. Maganda yake matamu yalikuwa yakinasa katika meno ya mbuzi na kuyaozesha, na wakazi wakampeleka mahakamani mbuzi asiye na meno awe kielelezo. Kulikuwa na jambo jingine la kusikitisha zaidi: mbuzi walikuwa wakimeza mbegu za mathenge, wakitembea nazo, kisha wakiziacha mahali papya ndani ya samadi, tayari kuota. Mnyama aliyetegemewa kuudhibiti mti akawa ndiye anayeupanda.

Mnyama ni yuleyule, na kazi ni ileile ya kula majani na matunda ya mmea usiotakiwa. Kilichotofautisha matokeo ni mpango. Kule Simi Valley mbuzi waliletwa kwa wakati uliochaguliwa, wakawekewa uzio, wakala eneo lililopimwa, kisha wakaondolewa. Kule Baringo wafugaji hawakuachiwa nafasi ya kuchagua: mti uliletwa na mradi, ukaenea kabla hawajaelezwa tabia yake, na mifugo ikala maganda yake kwa sababu malisho mengine yalikuwa yakitoweka. Hoja ya makala haya inatoka hapo. Mbuzi anaweza kuwa mfyekaji hodari wa magugu, tena wa bei nafuu, lakini kazi hiyo ni ya wawili: mbuzi anayekula na mfugaji anayeamua ale nini, lini, na aondoke lini. Ndiyo maana kumfuga mbuzi kwa mapenzi, kama mnyama wa nyumbani anayejulikana na kutunzwa mmoja mmoja, ni sehemu ya kazi yenyewe wala si anasa iliyo mbali nayo.

Tuanze na mwili wa mnyama, maana ndiko uhodari wake ulipo. Binadamu alianza kumfuga mbuzi yapata miaka 10,000 iliyopita katika nchi za milima ya Zagros, upande wa Iran ya leo, na katika muda wote huo mbuzi hakupoteza ulaji wa mnyama wa milimani. Ng'ombe hukusanya nyasi kwa ulimi na kuzikata kwa wingi. Kondoo huinamia nyasi fupi karibu na udongo. Mbuzi huinua kichwa. Hupenda majani ya vichaka, machipukizi, maua na magome laini, na nyasi huzila baadaye. Mdomo wake ni mwembamba na mdomo wa juu unachezacheza, hivyo huweza kuchuma jani moja katikati ya miiba bila kujichoma. Husimama kwa miguu ya nyuma akafikia matawi yanayomzidi kimo. Tumbo lake lenye vyumba vinne, pamoja na kucheua, humwezesha kusaga majani magumu, na huvumilia uchungu wa tanini kuliko ng'ombe au kondoo. Kwa hiyo malisho yaliyojaa vichaka na magugu ya majani mapana, ambayo kwa ng'ombe ni hasara, kwa mbuzi ni karamu. Wafugaji wanaochanganya ng'ombe na mbuzi wanaliona hili: mbuzi hula vichaka, nyasi zikapata jua, ng'ombe wakapata malisho.

Hata hivyo, kula gugu si sawa na kuliua. Mmea uliopoteza majani mara moja huchipua tena kwa kutumia akiba ya chakula iliyomo katika mizizi. Ukipoteza majani mara ya pili, kabla haujairudisha akiba hiyo, hudhoofika. Mara ya tatu na ya nne, mingi hufa. Siri ya kufyeka kwa mbuzi ni kuwaingiza wengi kwa muda mfupi katika kipande kidogo, wakila wote kwa pamoja bila kuchaguachagua, kisha kuwaondoa na kuwarudisha pindi machipukizi yanapojitokeza. Mbuzi wawili walioachwa katika shamba la ekari tano watakula vitamu na kuviacha vichungu, na mwisho wa mwaka magugu mabaya zaidi ndiyo yatakayobaki yametawala. Wakati nao una uzito wake. Gugu likiliwa kabla halijatoa mbegu, kizazi kijacho kimekatwa. Likiliwa mbegu zikiwa zimekomaa, zile laini nyingi zitasagwa na kumeng'enywa, lakini zenye ganda gumu hupita salama tumboni, na nyingine huota vizuri zaidi baada ya ganda hilo kulainishwa. Ndivyo ilivyo kwa mathenge. Huko Kenya wataalamu wa misitu wamewashauri wafugaji wayasage maganda yawe unga kabla ya kuwapa mifugo, kwa sababu mbegu iliyosagwa haioti. Na mbuzi waliokula magugu yenye mbegu ngumu hufaa wafungiwe siku kadhaa kwa chakula safi kabla ya kupelekwa shamba jingine, ili tumbo lisafishike.

Uchaguzi wa gugu lenyewe haupaswi kubahatishwa. Mkulagembe, kichaka cha miiba kinachojulikana sana katika nyika zetu, huliwa na mbuzi majani na maganda, na machipukizi yake baada ya kufyekwa kwa panga ndiyo hasa yanayofaa kuachiwa mbuzi. Gugu karoti, ambalo liligunduliwa Arusha mwaka 2010, si la kumlisha mnyama yeyote: huidhuru mifugo, huharibu ladha ya maziwa, na humsababishia binadamu mzio wa ngozi na wa njia ya hewa. Mpungate uliovamia malisho ya Laikipia huliwa matunda yake na mbuzi, lakini miiba yake midogo huwajeruhi kinywa na utumbo, na mbegu husambazwa kama zile za mathenge. Lantana ina sumu inayodhuru ini. Maua ya bustani kama oleanda yanaweza kumuua mbuzi kwa majani machache tu, na majani mabichi ya muhogo mchungu hutoa sumu ya sayanidi. Dhana kwamba mbuzi hula kila kitu ni ya hatari. Mbuzi huonja kila kitu, na mbuzi mwenye njaa aliyefungwa mahali pasipo na uchaguzi atakula hata asichopaswa kula. Mfugaji hana budi kulitembelea eneo kwanza, aitambue mimea iliyomo, aing'oe yenye sumu kwa mkono, ndipo amwingize mnyama.

Hapa ndipo suala la urafiki linapoingia. Kazi niliyoieleza inahitaji mnyama anayekubali kuongozwa: aitike akiitwa, afuate akivutwa, asitishike akifungwa kamba, akubali kushikwa kinywa na kukatwa kwato. Mbuzi ana uwezo huo kuliko wengi wanavyodhani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, waliwapa mbuzi kifaa chenye chakula ambacho kilifunguliwa kwa hatua mbili. Waliojifunza walikumbuka namna ya kukifungua hata baada ya miezi kumi. Katika utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2016, mbuzi waliozoea kufungua sanduku la chakula walipewa sanduku lisilofunguka. Waligeuka kumtazama mtu aliyekuwa karibu, tena walimtazama zaidi alipokuwa amewaelekea uso kuliko alipokuwa amewapa mgongo. Tabia hiyo ya kumgeukia binadamu pale kazi inaposhindikana tumezoea kuisikia kwa mbwa. Mnyama mwenye kumbukumbu na usikivu wa namna hiyo hulipa malezi mema. Mbuzi aliyelelewa karibu na watu huhamishwa na mtoto kutoka kipande hadi kipande, ilhali kundi lililozoea fimbo tu huhitaji vijana watatu wa kulikimbiza.

Wapo watakaosema kwamba kumfuga mbuzi kwa mapenzi ni mambo ya Ulaya na Marekani, ya watu wenye bustani kubwa na shibe, na kwamba kwetu mbuzi ni nyama, maziwa, mahari, akiba na kafara. Pingamizi hili lina ukweli nusu. Ni kweli kwamba familia nyingi haziwezi kumlisha mnyama asiyeleta kitu. Lakini si kweli kwamba kumjua na kumpenda mnyama ni ugeni. Wafugaji wa Kimaasai na wa Turkana huwatambua mbuzi wao mmoja mmoja kwa rangi, pembe na tabia, na mtoto wa mfugaji hukua na ndama na vitoto vya mbuzi kama wenzake. Kule Mgeta, Morogoro, mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norway walioingizwa katika miaka ya 1980 kwa mchango wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo hufugwa bandani, hukatiwa majani na kukamuliwa na watu wa nyumbani. Mbuzi wa maziwa anayeguswa kila siku huwa mpole, na ugonjwa wake huonekana mapema kwa sababu mwenyewe anajua alivyokuwa jana. Basi mbuzi wa kipenzi anayefyeka magugu, akatoa samadi, na akiwa jike akatoa maziwa, haondoi chakula mezani. Kinachoongezwa ni uangalifu tu, na uangalifu hauna bei ya dukani.

Pingamizi zito zaidi ni lile la jangwa. Mbuzi ameshtakiwa kwa karne nyingi kuwa mharibifu wa ardhi, na ushahidi upo. Mwaka 1959 wavuvi waliwaacha mbuzi watatu, beberu mmoja na majike wawili, katika kisiwa cha Pinta, visiwa vya Galapagos nchini Ecuador. Katika muda wa miaka kama 15 walikuwa wamefikia makumi ya maelfu, wakala uoto wa kisiwa hicho hadi ukaangamia sehemu kubwa, na ikabidi waondolewe wote. Nyumbani Tanzania, mmomonyoko wa udongo katika vilima vya Kondoa ulikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 1979, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, serikali iliiondoa mifugo yote, mbuzi wakiwemo, katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Nyasi na miti vilirudi. Mtu akiyasoma haya anaweza kusema kwamba mjadala umekwisha.

Lakini tuusome ushahidi huo mpaka mwisho. Pinta hapakuwa na mfugaji, uzio, wala mnyama wa kuwawinda mbuzi. Walikula mwaka mzima, kila mwaka, wakizaana bila kizuizi. Jike hubeba mimba kwa siku kama 150 tu na mara nyingi huzaa mapacha, kwa hiyo hesabu hupanda haraka. Kondoa ardhi ilichoshwa na mengi kwa pamoja: kufyekwa kwa misitu, kilimo kwenye miteremko, na mifugo mingi ya kila aina kukaa mahali pamoja bila ardhi kupumzika. Na baadaye, uoto uliporudi, mifugo iliruhusiwa tena kwa sharti la kufugwa bandani na kukatiwa majani. Maana yake hata pale ambapo hukumu ilikuwa kali kuliko zote, tiba haikuwa kumfuta mnyama. Ilikuwa kumpangia. Uwezo uleule wa kumaliza vichaka ndio unaomaliza msitu. Kinachoamua ni idadi, muda na mapumziko ya ardhi. Kwa hiyo anayetaka mbuzi wa kufyeka asifuge beberu na majike kiholela. Madume wawili waliohasiwa wanatosha kwa kiwanja cha nyumbani: hawazaani, hawatoi harufu kali ya beberu wa msimu wa kupandana, na hawapigani sana.

Wapo pia watakaouliza kwa nini tusitumie tu jembe, panga, moto au dawa ya kuua magugu. Kila kimoja kina mahali pake. Palizi ya jembe katikati ya mahindi haiwezi kuachiwa mbuzi, kwa kuwa mbuzi hatofautishi hindi na gugu, na akitofautisha atalichagua hindi. Mahali pa mbuzi ni pale ambapo jembe halifiki au halina faida: kingo za barabara na mifereji, miteremko yenye mawe, viwanja vilivyoachwa, makaburi yaliyoota vichaka, mashamba yaliyolazwa, na chini ya miti mirefu iliyokwisha kukomaa. Mwaka 2013 uwanja wa ndege wa O'Hare mjini Chicago uliwaleta mbuzi na kondoo kula vichaka kwenye ardhi isiyofikika kirahisi kwa mashine, na mwaka huohuo makaburi ya kihistoria ya Congressional jijini Washington yaliwatumia mbuzi zaidi ya 50 dhidi ya mimea inayotambaa na kuangusha miti juu ya makaburi. Wasimamizi wa makaburi hayo walikuwa na sababu ya wazi: mto uko jirani, na dawa ingeweza kuingia majini. Sababu hiyo inatuhusu wengi, maana visima na vijito vyetu vingi viko hatua chache kutoka shambani. Moto nao husafisha haraka, lakini huunguza mboji, hukimbilia kwa jirani, na huacha udongo wazi kwa mvua ya kwanza. Mbuzi huacha shina na mizizi ikishikilia udongo, na huacha samadi.

Jirani ni pingamizi jingine, nalo ni la haki. Mbuzi aliyeingia katika bustani ya mchicha ya mwenzio ameshavunja ujirani, na halmashauri nyingi za miji zina sheria ndogo zinazokataza mifugo kuzurura. Anayetaka kufuga mjini aulize kwanza ofisi ya mifugo ya kata yake. Kisha achague njia ya kumzuia. Uzio wa umeme unaohamishika hufanya kazi vizuri mahali unapopatikana, lakini wengi wetu tutatumia kamba. Wahenga waliposema mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake walisema jambo ambalo mfyekaji wa mbuzi huliishi kila siku, kwa kuwa urefu huo ndio unaochora duara la kazi. Kamba ifungwe kwenye mkanda wa shingo usiokaza, mbali na kisiki au ukingo ambako mnyama anaweza kujinyonga; ihamishwe walau mara mbili kwa siku; pawe na kivuli na maji; na asiachwe peke yake penye mbwa. Miti michanga ya matunda izungushiwe miiba au wavu, kwa kuwa gome lililobanduliwa pande zote huua mti.

Mwisho ni afya, na hapa hakuna njia ya mkato. Mbuzi ni mnyama wa kundi; mmoja peke yake hulia, hukosa raha na hutoroka, kwa hiyo wa kuanzia ni wawili. Anahitaji banda kavu lisilovuja, ikiwezekana lenye sakafu iliyoinuliwa, kwa sababu unyevu huozesha kwato na kuleta homa ya mapafu. Minyoo ndiyo adui mkubwa katika nchi zenye mvua: mabuu yake hukaa kwenye nyasi fupi zenye umande, na ndiyo sababu mbuzi anayekula vichaka vya juu huwa salama kuliko anayelazimishwa kula nyasi zilizokwanguliwa hadi ardhini. Ukope wa ndani ukiwa mweupe badala ya mwekundu, damu imepungua; aonwe na mtaalamu. Chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo isikosekane pale inapotolewa. Magugu pekee hayamtoshi kwa mwaka mzima, hivyo awe na jiwe la chumvi na majani mengine kiangazi, lakini dume aliyehasiwa asijazwe nafaka na pumba, maana humletea mawe katika njia ya mkojo. Maziwa yachemshwe, na anayemsaidia jike kuzaa avae mipira ya mikono au anawe vizuri, kwa sababu ugonjwa wa kutupa mimba huambukiza binadamu. Mbuzi aliyetunzwa hivi anaweza kuishi miaka 10 hadi 15. Anayemnunua kwa ajili ya magugu ya msimu mmoja ajiulize mapema atamfanyia nini magugu yakiisha.

Basi anayekusudia kuanza aanze kwa kulitembea eneo lake na kuandika mimea iliyomo, si kwa kwenda mnadani. Akiona ina sumu, aing'oe. Akiona mbegu zimekomaa, asubiri au azikate. Akiona majirani wana bustani, ajenge kwanza uzio. Kisha alete mbuzi wawili wapole, awazoeze mkono wake kwa wiki kadhaa kabla ya kuwapa kazi, na awahamishe kabla ardhi haijabaki tupu. Halmashauri na shule zenye viwanja vya vichaka zingeweza kuwaajiri wafugaji wa jirani kwa kazi hii badala ya kununua dawa kila msimu, nazo ofisi za mifugo zingefanya jambo jema kuwafundisha watu magugu gani yanalika na yapi hayaliki katika kila kata. Tumekaa na mnyama huyu miaka mingi tukimlaumu kwa kazi ambayo hatukuisimamia. Tumpangie kazi, naye ataifanya.